Kuzihoji kompyuta za ofisi kwa SQL: nani ametumia osquery hapa Nairobi?

Kijana wa Tom Mboya

Habari zenu wadau.

Niko kitengo cha kompyuta cha Sacco moja hapa mjini. Makao makuu yako karibu na Tom Mboya, matawi yako Githurai, Kawangware na Kitengela. Tuna kompyuta 64. Nyingi ni laptopu za ex-UK tulizonunua Luthuli, RAM GB 4 au 8, Windows 10 na 11 zimechanganyika. Seva ni 3, zote Ubuntu. Tuko wawili tu, na mwenzangu muda wake wote unaliwa na mfumo wa mikopo.

Mkaguzi amekuja akatuachia maswali manne. Kila kompyuta ina programu gani? Diski zipi zimesimbwa? Nani ana mamlaka ya msimamizi kwenye mashine? Kuna programu yoyote ya kuingilia kompyuta kutoka mbali? Ni maswali ya haki kabisa, maana hizi ni akiba za mama mboga na makondakta wanaoweka mia mbili mbili kila jioni. Lakini mpaka leo tunajibu kwa kuzunguka na flash na daftari. Ukimaliza Kitengela, orodha ya Githurai imeshapitwa.

Nimesoma kuhusu osquery, kwamba unaiuliza kompyuta kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kana kwamba kompyuta yenyewe ni hifadhidata. SQL naijua kwa sababu ya ripoti za mikopo. Ninachotaka kujua kwa mtu aliyeitumia: je, mashine ya GB 4 itaimudu? Ni lazima niwe na seva kuu ndipo ifanye kazi? Na wafanyakazi nitawaambia nini? Tayari kuna minong'ono kwamba ICT wanataka kuchungulia WhatsApp za watu.

---

Mzee wa Terminali

Inawezekana, na hutalipa chochote. osquery ilitengenezwa Facebook, wakaitoa wazi kwa umma mwaka 2014. Mwanzoni ilikuwa ya Linux na macOS, Windows ikaingia 2016. Tangu 2019 iko chini ya wakfu wake ndani ya Linux Foundation, kwa hivyo haitegemei kampuni moja.

Ndani utapata vitu viwili. `osqueryi` ni ya kuuliza kwa mkono, unaandika swali unaona jibu papo hapo. `osqueryd` inakaa chinichini kama huduma, inauliza maswali uliyoipangia na kuandika majibu kwenye faili. Anza na ya kwanza. Kuhusu mashine ndogo, namwachia Binti wa Seva, yeye anazo nyingi.

---

Binti wa Seva

Ndugu, karibu. Ninatunza kompyuta za kliniki kadhaa upande wa Eastlands: Buruburu, Umoja, Donholm na kwingineko. Mashine zetu ni kama zako, na nyingine ni nzee zaidi. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalithamini sana. Watu wengi huiweka osquery, wakaambulia lundo la logi, kisha wakaiondoa.

Kwanza ujue kwamba hakuna hifadhidata iliyokaa mahali ikisubiri. Ukiandika `SELECT * FROM processes`, ni wakati huohuo ndipo osquery inaenda kuuliza mfumo. Kwenye Linux inasoma `/proc`, kwenye Windows inaita vipengele vya mfumo wenyewe na rejista. Halafu inapanga majibu kwa mistari na safu, na SQLite, injini ndogo ya hifadhidata iliyo ndani yake, inafanya kazi ya kuchuja na kuunganisha majedwali. Ukilishika hilo, mengi yatajieleza. Jibu ni la sekunde ile uliyouliza. Jedwali moja ni jepesi na jingine ni zito, kutegemea kazi iliyoko nyuma yake. Jedwali la `processes` halina shida. Jedwali la `hash` linalazimika kusoma faili nzima ili kupata alama yake, ndiyo maana halitakujibu usipotaja `path` au `directory`. Na ukiandika `LIKE '/home/%%'` kwenye jedwali la `file`, zile asilimia mbili maana yake ni "shuka folda zote mpaka chini". Hapo diski ya zamani italia.

Sasa RAM. `osqueryd` ina mlinzi wake wa ndani. Ikipita kiasi cha kumbukumbu ilichowekewa, ambacho kwa kawaida ni MB 200, au ikila prosesa kupita kiasi, mlinzi anaizima na kuiwasha upya, na lile swali lililosababisha linafungiwa kwa saa 24. Kwa hivyo swali baya haliui kompyuta ya karani, linajiua lenyewe. Mashine zetu za mapokezi zina GB 4 na hakuna mhudumu aliyewahi kuja kwangu akisema kompyuta imekuwa nzito kwa sababu ya hii.

Seva kuu achana nayo kwa sasa. Chukua laptopu moja, ya kwako mwenyewe, weka ile faili ya MSI (ya kusakinisha), fungua terminali kama msimamizi, andika `osqueryi`. Ndani yake andika `.tables` uone majedwali yaliyopo, halafu `.schema programs` uone safu zake. Kaa hapo jioni nzima ukiuliza. Mimi hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Maswali ya mkaguzi wako, kwa upande wa Windows, yanajibika hivi:

```
SELECT name, version, publisher, install_date FROM programs;

SELECT drive_letter, protection_status FROM bitlocker_info;

SELECT u.username
FROM users u
JOIN user_groups ug ON u.uid = ug.uid
JOIN groups g ON ug.gid = g.gid
WHERE g.groupname = 'Administrators';
```

Kwenye lile la pili, la BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), 1 maana yake ulinzi umewashwa, 0 umezimwa. Kwenye la tatu jiandae kushangaa. Kwenye laptopu za ex-UK utakuta akaunti ambazo humjui mwenyewe, zimebaki kutoka kwa aliyekuwa nayo kabla. Zifute.

Swali la nne ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Ukitafuta programu za kuingilia kutoka mbali kwenye jedwali la `programs` peke yake, utakosa nyingi. Jedwali hilo linasoma orodha ya zilizosakinishwa kwa utaratibu. Mtu akipakua faili moja ya exe na kuibofya palepale kwenye Downloads, haimo kwenye orodha hiyo. Uliza hivi badala yake:

```
SELECT name, path, cmdline FROM processes
WHERE path LIKE 'C:\Users\%\Downloads\%';
```

Halafu uliza nani anasikiliza mlangoni, yaani programu ipi inapokea miunganisho ya mtandao, na kwa poti (namba ya mlango) ipi:

```
SELECT p.name, l.port, l.address
FROM listening_ports l JOIN processes p USING (pid)
WHERE l.address IN ('0.0.0.0', '::');
```

Angalia hiyo `'::'`. Mifano mingi mtandaoni inaandika `0.0.0.0` tu, yaani kila anwani ya mashine kwa mtindo wa zamani, IPv4. Huduma nyingi siku hizi zinasikiliza kwa anwani ya IPv6, ambayo huandikwa hivyo, na usipoiweka swali lako litakuambia kila kitu ni salama wakati mlango uko wazi.

Nikupe tukio moja. Kompyuta ya mapokezi ya kliniki moja, pale wagonjwa wanapoandikishwa, ilitoa mstari huu: `svchost.exe`, poti 3389, `0.0.0.0`. Jina `svchost.exe` halikwambii kitu, maana Windows huendesha huduma kibao chini ya jina hilo. Poti 3389 ndiyo iliyonistua, kwa sababu ni ya kuingilia kompyuta kutoka mbali. Nikaunganisha na jedwali la huduma:

```
SELECT s.name, s.display_name, s.start_type, l.port
FROM listening_ports l JOIN services s ON l.pid = s.pid
WHERE l.port = 3389;
```

Likaja `TermService`. Kumbe fundi wa nje, aliyekuja kurekebisha programu ya malipo, aliifungua ili amalizie kazi akiwa nyumbani, halafu akaenda zake. Nywila ya mashine ile ilikuwa imebandikwa kwa karatasi chini ya kibodi. Ndani ya mashine hiyo kuna majina ya wagonjwa, namba za vitambulisho, na magonjwa yao. Sikulala vizuri siku ile. Tuliifunga, tukabadilisha nywila, na tangu hapo swali hilo linaulizwa kila saa kwenye kila mashine niliyo nayo.

Hiyo ndiyo kazi ya `osqueryd`. Unaandika kwenye `osquery.conf`:

```
"schedule": {
  "poti_wazi": {
    "query": "SELECT p.name, l.port, l.address FROM listening_ports l JOIN processes p USING (pid) WHERE l.address IN ('0.0.0.0', '::');",
    "interval": 3600
  }
}
```

Mara ya kwanza itaandika kila ilichokiona. Baada ya hapo inaandika tofauti tu: `added` kwa kilichoongezeka, `removed` kwa kilichoondoka. Siku nzima ikipita bila mabadiliko, faili haiongezeki hata mstari. Hapo ndipo nilipoipenda. Asubuhi nikishika chai yangu nasoma mistari michache, na kila mstari ni jambo lililobadilika kweli.

Ushauri wangu ni mmoja: usipange swali ambalo hujui ukipata jibu utafanya nini. Watu huchukua mafurushi ya maswali ya watu wengine, wakayawasha yote, na ndani ya wiki hakuna anayesoma tena. Wewe una maswali manne yenye sababu. Hayo yanatosha kabisa kuanzia.

---

Kijana wa Tom Mboya

Dada, ubarikiwe sana. Nimeanza leo. Kwa kuwa laptopu za matawi ziko mbali nimejaribu kwenye seva moja ya Ubuntu, lile swali la poti. Hili ndilo jibu:

```
+--------+-------+---------+
| name   | port  | address |
+--------+-------+---------+
| sshd   | 22    | 0.0.0.0 |
| sshd   | 22    | ::      |
| nginx  | 443   | 0.0.0.0 |
| mysqld | 3306  | ::      |
| mysqld | 33060 | ::      |
+--------+-------+---------+
```

SSH (ya kuingia seva kutoka mbali) na nginx (seva ya wavuti) najua. Lakini MySQL, hifadhidata yenyewe? Mfumo wa mikopo uko kwenye seva hiyohiyo, hauhitaji kuingia kupitia mtandao. Ningetumia `0.0.0.0` peke yake nisingeiona kabisa.

---

Binti wa Seva

Umeona sasa! MySQL 8 isipowekewa `bind-address`, inasikiliza kila anwani. 33060 ni yake pia, ni itifaki yake mpya. Nenda kwenye faili ya mipangilio uweke `bind-address = 127.0.0.1` na `mysqlx-bind-address = 127.0.0.1`. Kabla ya kuizima na kuiwasha, uliza kwanza kama kuna mtu anayeunganisha kutoka nje:

```
SELECT DISTINCT remote_address FROM process_open_sockets
WHERE local_port = 3306 AND remote_port != 0;
```

Uliza mara kadhaa kwa siku tofauti, na hasa mwisho wa mwezi. Ikiwa kuna mtu anavuta ripoti kwa Excel kutoka ofisi ya juu, utaiona anwani yake hapo, na utazungumza naye kabla hujamkatia.

Ukiwa kwenye seva hizo hizo, angalia pia funguo za SSH. `authorized_keys` ni jedwali la mtumiaji, kwa hivyo liunganishe na `users`, la sivyo utajiona wewe tu:

```
SELECT u.username, a.comment, a.key_file
FROM users u CROSS JOIN authorized_keys a USING (uid);
```

Aliyeacha kazi mwaka juzi anaweza kuwa bado ana ufunguo wa nyumba.

---

Skripti Tosha

Kwa heshima zote, mbona haya yote PowerShell, lugha ya amri ya Windows, inayafanya? `Get-NetTCPConnection`, `Get-BitLockerVolume`, umemaliza. Kuongeza ajenti (programu ya kudumu chinichini) kwenye mashine 64 ni kuongeza kitu kingine cha kusasisha na kingine cha kudukuliwa.

---

Binti wa Seva

Hoja yako kuhusu ajenti ni ya kweli. Inaendeshwa na mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine, kwa hivyo lazima isasishwe na lazima faili yake ya mipangilio isiandikike na mtu yeyote. Anayeweka ahakikishe hilo kabla ya lingine lolote.

Lakini ndugu yetu ana Windows na Ubuntu pamoja. Kwa skripti ataandika kila swali mara mbili, kwa lugha mbili, na majibu yatatoka kwa sura mbili. Hapa `listening_ports` ni `listening_ports` kote. Na ile kumbukumbu ya tofauti, kujua kwamba kitu hiki jana hakikuwapo, kwa skripti utaijenga mwenyewe na utaitunza mwenyewe. Jambo jingine ambalo kwangu ni zito: majedwali haya ni ya kusoma. Nikimpa kijana wa mafunzo kazini nafasi ya kuuliza, sina hofu kwamba atafuta kitu kwa bahati mbaya. PowerShell ya msimamizi siwezi kumpa.

Kuna kitu osquery haikipati kirahisi, na ni vizuri kisemwe. Ukiuliza kila saa, programu iliyowaka dakika mbili katikati ikazima, hutaiona. Kwenye Linux kuna `process_events` inayonasa kila prosesi inapoanza, kupitia mfumo wa audit, lakini hiyo ni mzigo zaidi na inataka mtu anayejua anachofanya. Na jedwali la `usb_devices` halipo Windows, kwa hivyo kwa habari za flash utahitaji njia nyingine.

---

Mtetezi wa Faragha

Nimesoma swali la wafanyakazi na naona limepitwa. Siyo dogo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na mfanyakazi haiachi langoni anapoingia kazini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 25, inataka mkusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo lililotajwa. Kifungu cha 29 kinataka mwambie mtu kabla hamjachukua data yake: mnachukua nini, kwa nini, na nani ataiona.

Zana hii ina majedwali yanayoingia ndani sana. Kuna `shell_history`, linaloonyesha amri alizoandika mtu. Kuna `chrome_extensions`, na mtu anaweza kujulikana ugonjwa wake au dini yake kwa viongezi vya kivinjari tu. Kwa maoni yangu orodha ya maswali yenyewe ibandikwe ukutani, maneno kwa maneno, pamoja na maelezo kwa Kiswahili cha kawaida.

---

Binti wa Seva

Nakuunga mkono kwa asilimia zote. Kwetu tulifanya kikao na wauguzi na makarani, nikaweka skrini kubwa, nikafungua `osqueryi` kwenye laptopu yangu na kuwaambia waniulize chochote. Muuguzi mmoja akauliza, "Inaweza kuona ujumbe wangu?" Nikampitisha kwenye `.tables` moja baada ya nyingine. Hakuna jedwali la ujumbe wa WhatsApp. Nikamwonyesha pia yale ambayo yapo na ambayo tumeamua kutoyatumia, `shell_history` likiwemo, na uamuzi huo uko kwenye sera yetu ikiwa na sahihi ya mkurugenzi. Baada ya hapo minong'ono iliisha, kwa sababu waliona kwa macho yao.

Jambo moja usilisahau, usiishie kusema "hatuangalii". `osquery.conf` iwe mahali ambapo mtu wa pili anaona kila badiliko. Sisi tunaiweka kwenye Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, na haibadilishwi bila mkuu wa wauguzi kujulishwa.

---

Kijana wa Tom Mboya

Nimewaelewa wote. Nitaomba kikao na meneja kabla sijagusa tawi lolote. Maswali mawili ya mwisho. Laptopu za maofisa wa mikopo zinazimwa saa kumi na moja na nyingine zinakaa kwenye begi siku nzima sokoni. Nikiweka `interval` ya siku moja, itafanya kazi? Na mkaguzi anataka orodha nzima, siyo tofauti. Nitampa nini?

---

Binti wa Seva

Siku moja, yaani 86400, usiiweke kwa laptopu. Hesabu ile haisogei kompyuta ikiwa imelala, kwa hivyo "siku moja" inaweza kuvutika ikawa wiki kwa mtu anayefunga kifuniko kila mara. Weka 3600 au 7200. Kwa kuwa inaandika tofauti tu, hutajaza diski.

Kwa mkaguzi, weka swali lake peke yake na uongeze `snapshot`:

```
"orodha_ya_programu": {
  "query": "SELECT name, version, publisher FROM programs;",
  "interval": 7200,
  "snapshot": true
}
```

Hilo halilinganishi na jana, linaandika orodha yote kila mara, kwenye faili yake tofauti iitwayo `osqueryd.snapshots.log`. Likishapata zamu yake kwenye mashine zote, kusanya mafaili, kisha rudisha `interval` iwe ndefu, maana hili ndilo linalojaza diski.

Ongeza na `SELECT name, version, build FROM os_version;` hata kama hakuuliza. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na ni afadhali wewe ndiye umpelekee orodha ya mashine hizo ukiwa na mpango wa kuzibadilisha.

Mashine zikishajibu vizuri ndipo ufikirie seva kuu. Fleet, seva ya kusimamia mashine nyingi, ni ya bure na ilijengwa kwa ajili ya osquery, itakutaka uwe na hifadhidata za MySQL na Redis. Kama mnatumia Wazuh (mfumo wa kufuatilia usalama) tayari, inaweza kusoma majibu ya osquery bila kuongeza seva nyingine. Anza na Kawangware kwa sababu iko karibu. Kitu kikikwama utapanda matatu na kufika kabla ya saa sita.